Maotea Kwanza, Salfa Baadaye

Mvua ya mwisho ya maana hapa kwangu ilinyesha mwishoni mwa Aprili. Sasa Juni imeingia, kusi imeshika, alfajiri hutoki nje bila kujifunika, na bustani imebadilika sura. Magugu yamepunguza mbio, mchanga umeanza kupauka, na mikorosho yangu saba nyuma ya nyumba, huku Mtwara njia ya Naliendele, inachipua yale majani laini yenye rangi ya shaba. Huu ndio wakati ninaoupenda kuliko wote, na ndio wakati ambao wengi wetu tunaupoteza.

Mboga nazipitia haraka kwa kuwa zinakwenda vizuri. Mchicha niliosia wiki tatu zilizopita uko tayari kuvunwa. Bamia zimefika magotini na ua la kwanza limefunguka juzi. Biringanya na nyanya chungu nimezihamisha kutoka kitaluni na zimeshika. Mchanga wetu wa pwani hauweki maji, ukimwaga ndoo nzima yanazama chini mizizi isikofika. Kwa hiyo kiangazi siinui matuta. Nachimba matuta mbonyeo, yaliyozama kama kiganja kimoja chini ya njia, nachanganya samadi iliyooza vizuri, kisha nafunika kwa nyasi kavu. Ukiingiza kidole chini ya nyasi zile saa nane mchana, bado utakuta ubichi. Nyanya pekee ndizo zinanipa kazi ya kila siku, kugeuza jani moja moja kumtafuta kantangaze. Yule funza anakaa ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, ndiyo maana dawa nyingi zinampita. Nikiona baka jeupe lenye uchafu mweusi ndani, nachuma jani, nalitia kwenye kopo lenye mfuniko na kuliacha juani.

Sasa tuje kwenye mikorosho.

Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu unaopaka mikorosho weupe kama unga, unajulikana kusini nzima tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na kila mkulima anajua salfa, dawa ya unga ya kuukinga. Ninachoulizwa mara chache ni hiki: ule ukungu unakaa wapi msimu ukiisha? Maana hauwezi kuishi kwenye udongo wala kwenye majani makavu. Unahitaji sehemu hai ya mti, tena changa: jani laini, ua, korosho ndogo, bibo. Jani likishakomaa na kuwa gumu, hauliwezi. Basi kuanzia Novemba hadi Mei, mti mzima ukiwa na majani magumu, unajificha kwenye maotea, yale machipukizi yanayotoka kwenye shina na matawi makubwa ndani ya mti. Humo kuna kivuli, hewa imetulia, majani machanga hayakosekani. Kipupwe kikija na usiku wa baridi na unyevu, upepo unauchukua kutoka humo ndani na kuupeleka kwenye machipukizi mapya ya nje, kisha kwenye maua. Wala hauhitaji jani lililolowa, unyevu wa hewa unautosha.

Maana yake, mtu anayepuliza salfa huku ameacha maotea anapigana na moto huku kuni zimo ndani ya nyumba.

Jumanne nilikuwa nakata mti wa tano, jirani yangu, mzee mwenye mikorosho mikubwa kuliko yangu, akasimama uani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mwanangu, mbona unaua watoto wa mti?"

Nikamkatia chipukizi moja na kumpa. Majani yake ya juu yalikuwa yamejikunja kidogo, yamepakwa weupe kama mtu aliyepita na unga wa muhogo. Akasugua kwa kidole gumba, unga ukabaki kidoleni. Akautazama muda mrefu. Kisha akainama akachungulia ndani ya mti, akaona mengine, na mengine. "Kumbe wanalala humu," akasema. Jioni alikuja kuazima msumeno.

Nakata maotea yote karibu na shina, nayatoa nje ya shamba na kuyachoma. Matawi yaliyokufa na yanayogusa ardhi nayo yanaondoka, ili hewa ipite. Salfa nitaanza vishada vya maua vitakapochomoza, kama robo kilo kwa mti mkubwa, kila baada ya siku 14, alfajiri kabla upepo haujaamka na umande ukiwa bado unaishikisha. Barakoa na miwani siviachi. Mwaka juzi nilisubiri hadi nione maua yameshakuwa meupe. Salfa ni kinga, haifufui ua lililoungua. Vishada vya miti miwili vilikauka vikawa vyeusi, na nilichookota chini yake hakikujaza hata sado. Iliniuma sana, kwa sababu kazi hii ndiyo niliyosomea.

Jambo moja nawaomba wenye mikorosho ya nyumbani: mkiwakuta chungu wanaoitwa maji moto juu ya mti, waacheni. Wanauma, ndiyo, na Jumanne walinitoa machozi. Lakini chungu hawa wanaoshona majani kwa uzi wa mabuu wao ndio wanaomfukuza mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi na kuyaachia madoa meusi mpaka ncha inakufa. Mti wenye viota vyao mimi siupulizii dawa ya wadudu, maana dawa hiyo inaua na walinzi. Maotea yaliyo karibu na kiota nayakata asubuhi sana, wakiwa bado wazito kwa baridi.

Miembe miwili iliyo nyuma ya kisima haijaonyesha kitu, na siigusi. Watu wananiuliza kwa nini namwagilia mpapai na kuuruka mwembe. Mwembe mkubwa unahitaji baridi na kiu kidogo ndipo utoe maua. Ukiunywesha sasa, utakupa majani. Mpapai ukikosa maji unaangusha maua, kwa hiyo ndoo za jioni ni zake, na za ndimu mbili changa.

Umebaki mkorosho mmoja, ule wa pembeni ulioinamia ua. Naukata Jumamosi. Mfuko wa salfa upo stoo, haujafunguliwa.