RAM 8GB ya kwenye boksi, ni 8 kweli?

Wengi tukiwa dukani na simu mbili za bei ya chini, boksi moja limeandikwa RAM (kumbukumbu ya muda ambayo simu inatumia kuendesha apu) 8GB lingine 4GB, tunabeba ya 8 tukijua ndo nyepesi zaidi, na ukiangalia boksi kwa mbele tu huwezi kulaumiwa. Ila soma yale maandishi madogo, mara nyingi utakuta 4GB + 4GB. Ya kwanza ndo RAM yenyewe, ya pili ni nafasi imekopwa kwenye storeji, pale pale unapoweka picha na video zako, na storeji spidi yake ni ndogo sana kuliko RAM. Inasaidia kidogo apu ulizoacha nyuma zisijifunge, basi, haiwezi kuwa sawa na 8 halisi. Yaani hizo simu mbili zinaweza kuwa na RAM ile ile!

Kuhakikisha mwambie muuzaji akuwashie simu, ingia setingi, shuka mpaka Kuhusu Simu, soma RAM, na simu nyingine zina swichi ya kuzima hiyo nyongeza. Zikilingana hapo angalia prosesa (ubongo wa simu) na aina ya storeji, maana storeji ya aina ya eMMC huwa nzito kuliko ya UFS, na hiyo boksini mara nyingi hawaiandiki.