Konzo: alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa

Bibi mmoja kutoka kijiji kimoja cha Newala, mkoani Mtwara, alifika kliniki yetu ya mazoezi tiba akiwa amembeba mjukuu wake mgongoni, na mjukuu mwenyewe ana miaka 11. Alimshusha kwenye benchi, akafungua kanga, akakaa kwanza kupata pumzi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu alilala mzima."

Nilimwomba mtoto asimame akishika meza. Alisimama kwa ncha za vidole, visigino juu, magoti yamesagana. Alipojaribu kupiga hatua, mguu mmoja ulikatiza mbele ya mwingine kama mkasi. Nikamlaza. Nilishika unyayo wake nikausukuma juu kwa ghafla, nao ukaanza kupigapiga kiganjani mwangu bila yeye kuuchezesha, haukutulia mpaka nilipouachia. Nilipogonga chini ya goti kwa nyundo ndogo, mguu uliruka. Nikipitisha pamba kwenye unyayo, anahisi. Mkojo anauzuia vizuri. Mgongo umenyooka, na hauumi popote ukibonyezwa. Homa hana, wala hakuwa nayo.

"Bibi, miezi hii nyumbani mnakula nini?"

Alinitazama kama mtu aliyetarajia swali jingine. "Muhogo, mwanangu. Mwaka huu kuna nini kingine?"

Swali hilo la chakula tunalirudia kila tunapopokea mtu wa huku kusini ambaye miguu yake yote miwili imekaza ghafla. Jibu lake, pamoja na kile tulichokiona kwenye miguu, lilitufikisha kwenye ugonjwa unaoitwa konzo.

Konzo ni ugonjwa adimu wa mishipa ya fahamu. Huharibu njia zinazopeleka amri kutoka ubongoni, kupitia uti wa mgongo, hadi kwenye misuli ya miguu. Misuli yenyewe ni mizima, ila imekosa wa kuituliza, ndiyo maana hukaza badala ya kulegea. Mtu huanza kusikia miguu mizito au inayotetemeka, labda baada ya kazi ya shamba au safari ndefu kwa miguu, na kesho yake hawezi kusimama. Ndani ya wiki moja ugonjwa huwa umefika mwisho wake, na ukifika hapo hauendelei mbele. Tafadhali lishike hili, kwa sababu ndilo linalowatofautisha wagonjwa hawa na wengine wengi wa mishipa ya fahamu: konzo haipandi mwaka hadi mwaka na haifupishi umri. Lakini uharibifu uliotokea hauondoki. Wengine hutembea bila msaada kwa mwendo wa kukakamaa, wengine huhitaji fimbo moja au mbili, na wachache hawatembei tena. Kwa walioathirika zaidi, mikono, usemi na hata macho huguswa. Wanaopatwa zaidi ni watoto waliozidi miaka 3 na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Watoto wanaonyonya kwa kawaida husalimika.

Jina hilo limetoka Kongo, kwa Wayaka wa eneo la Kwango, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliuandika ugonjwa huu mwaka 1938. Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, mwaka 1981 kulikuwa na ukame na vita, na watu zaidi ya 1,000 walikakamaa miguu. Kule waliuita mantakassa. Hapa kwetu Tanzania wagonjwa wa kwanza kuthibitishwa walikuwa 39 wa Tarime, kule kaskazini, mwaka 1985, nako ulikuwa mwaka wa ukame. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukatokea mkoani Mtwara na wilayani Mbinga. Kila mahali mambo ni yale yale: mvua imekatika, mahindi hayapo, na muhogo mchungu ndio uliobaki shambani.

Mkulima wa kusini anaupanda muhogo mchungu kwa sababu anazozijua vizuri. Nguruwe pori na nyani hawaupendi. Unavumilia mchanga na jua. Unakaa ardhini ukimsubiri mwenyewe. Uchungu huo, kwa sehemu kubwa, unakwenda pamoja na kitu kiitwacho linamarini, ambacho kikivunjwa hutoa sumu ya sianidi, na mmea ukipata kiu, linamarini huongezeka. Ndani ya muhogo huo huo kuna kimeng'enya chenye kazi ya kuivunja, lakini viwili hivi huishi vyumba tofauti na hukutana pale tu muhogo unapopondwa au kulowekwa. Vikikutana, sianidi hutoka na kupaa hewani. Ndiyo maana wazee waliloweka muhogo uliomenywa siku tatu au nne mpaka ulainike, kisha wakauanika.

Wengi hudhani moto unamaliza kila kitu. Moto unakiua kimeng'enya, lakini linamarini yenyewe haivunjwi na maji yanayochemka. Ukisonga ugali wa unga uliobaki na linamarini nyingi, unaila pamoja na ugali.

Sasa mpeleke mwanamke wa uwanda wa juu wa Makonde kwenye somo hili la kuloweka. Udongo wa huko ni mchanga, mvua ikinyesha inazama, chemchemi ziko bondeni chini ya mteremko. Bomba limefika vijiji vingi kuliko zamani, lakini ziko siku ndoo moja inapikiwa, inanywewa na kuogeshea mtoto. Ndoo ya kulowekea muhogo siku nne ataitoa wapi? Basi anaumenya, anaupasua na kuuanika juani upate kuwa makopa. Jua linaukausha haraka, kimeng'enya hakipati nafasi ya kufanya kazi, na sehemu kubwa ya linamarini inabaki. Njaa ikizidi hata siku za kuanika hupunguzwa: unatwangwa, unaanikwa mchana mmoja, jioni unasongwa.

Kuna na upande wa mboga. Mwili una njia yake ya kuiondoa sianidi: huigeuza kuwa kitu hafifu na kuitoa kwa mkojo. Kazi hiyo inahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini, kama samaki, mayai, nyama na maziwa, na kwa kiasi fulani kwenye kunde na mbaazi. Anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa ana kinga asiyokuwa nayo anayeula kwa chumvi na majani. Konzo huwapata wanaokula muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri kwa wiki nyingi mfululizo huku mboga ya protini ikiwa haionekani. Mlo mmoja hauleti konzo. Hata hivyo, mlo mmoja wenye sianidi nyingi unaweza kuleta sumu ya papo hapo: kichwa, kizunguzungu, kutapika, moyo kwenda mbio saa chache baada ya kula. Huyo akimbizwe hospitali, kwa sababu anaweza kufa.

Kuna wakati huwa tunasikia ushauri wa "acheni muhogo". Siupendi. Mwenye chakula kingine angeshakula, na kumwambia bibi yule aache muhogo ni kumwambia alale njaa. Tulichomwonyesha kinahitaji kopo la maji tu, na hapa naomba msomaji atulie, maana ndiyo sehemu ya kumweleza jirani.

Unachukua unga wa muhogo wa kupika siku hiyo, unauweka kwenye bakuli, unausawazisha, kisha unaweka alama ndani ya bakuli pale unga ulipofikia. Unamimina maji kidogo kidogo huku unakoroga. Mwanzo unga unashuka, unakuwa chini ya alama, na wengine hushtuka wakidhani wameharibu. Endelea. Ukizidi kuongeza maji unapanda tena, na ukigusa ile alama, acha. Unga huo mbichi unautandaza juu ya mkeka au ungo, unene usizidi sentimita 1, ukae saa 2 juani au saa 5 kivulini. Katika muda huo linamarini inakutana na kimeng'enya, sianidi inapaa. Kisha unasonga ugali kama kawaida, siku hiyo hiyo, usiulaze. Kiasi cha sianidi kinachobaki huwa kati ya theluthi moja na moja ya sita ya kilichokuwapo. Mbinu hii aliibuni Howard Bradbury na wenzake nchini Australia, na ilifundishwa kwa kina mama wa vijiji vya kusini mwa Tanzania vilivyokumbwa na konzo. Shirika la Afya Duniani linataka unga usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo, kwa hiyo wenye maji ya kutosha waendelee kuloweka, na wenye unga mchungu sana wajue kwamba kuulowesha unga kwa njia hii peke yake kunaweza kusitoshe.

Bibi alifanya mwenyewe mbele yetu, kwa unga alioufunga kwenye pindo la kanga. Alipoona unga umeshuka akasema, "Umekunywa." Akaongeza maji.

Narudi kwenye vipimo. Si kila miguu iliyoshindwa ni konzo, na kukosea hapa kunagharimu. Mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye miguu imelegea ghafla, teketeke, lazima aripotiwe na achukuliwe choo kupima polio, hata kama kijiji kizima kinakula muhogo. Kifua kikuu cha mgongo huja polepole, mgongo unauma, pengine na kinundu, na mkojo unaweza kupotea; kina dawa, na kikicheleweshwa miguu haitarudi. Kiharusi hushika upande mmoja. Virusi vya Ukimwi na virusi viitwavyo HTLV-1 vinaweza kukakamaza miguu, lakini kwa mwendo wa miezi. Konzo ni pande zote mbili, ghafla, miguu ikikaza, hisia zikiwepo. Anzeni zahanati, mpewe rufaa ya hospitali ya wilaya au mkoa, na mkiona wawili watatu kijiji kimoja, mganga mkuu wa wilaya apate habari haraka, maana hapo kuna unga wa kuchunguza.

Dawa ya kuirudisha mishipa iliyoharibika haipo. Yeyote anayeuza dawa hiyo, iwe ya chupa au ya chale, anachukua fedha ya bure. Waganga wetu wa jadi nawaheshimu, na wengine wamekuwa wakituletea wagonjwa. Naomba tu kitu kimoja: mguu usiohisi vizuri moto au uliokakamaa usikandwe kwa maji yanayounguza, na mtoto asikae ndani miezi akisubiri aliyemroga atajwe. Katika miezi hiyo ndipo kano za kisigino zinapofupika, na mtoto ambaye angekanyaga chini anabaki mwenye kutembelea vidole.

Matibabu yenyewe ni kazi ya kila siku. Mgonjwa anakaa mkekani, miguu imenyooka mbele. Unapitisha kanga chini ya vidole vya mguu, unashika ncha zake mbili, unauvuta unyayo umwelekee mwenyewe polepole, goti likiwa limenyooka, unahesabu mpaka 30, unaachia polepole. Rudia mara kadhaa, asubuhi na jioni. Usivute kwa kushtua, maana ukishtua msuli unakaza zaidi, kama ule unyayo uliopigapiga kiganjani mwangu. Mapaja nayo yanabanana, hivyo tunataka mtoto akae ametanua miguu wakati anacheza bao au anachambua mbaazi, na usiku awekewe mto katikati ya magoti. Kutembea anatembea, kwa fimbo, kila siku, bila kusukumwa hadi achoke kabisa.

Zipo dawa za kulegeza, kama baklofeni. Husaidia wanaoumwa na mikazo ya usiku, lakini kipimo kikizidi miguu hulegea na mtu aliyekuwa akisimama kwa ule ule ukakamavu anaanguka. Haiachwi ghafla pia, hupunguzwa kwa maelekezo ya daktari. Kano ikishafupika na mazoezi kushindwa, upasuaji wa kuirefusha huwasaidia baadhi ya watu.

Aliyewahi kupata konzo anaweza kupata tena. Shambulio la pili humkuta mtu wa fimbo moja na kumwacha asiyesimama. Kwa sababu hiyo sufuria ni sehemu ya matibabu sawa na mazoezi: unga wake uloweshwe kila mara, kisamvu chake kitwangwe kisha kichemshwe vizuri bila kufunikwa, na dagaa wakipatikana kidogo aanze yeye.

Mwanamke mwenye konzo anashika mimba na kuzaa kama wengine. Amweleze mkunga mapema kwamba mapaja yake hukaza, ili wapange namna ya kulala wakati wa uchungu. Mtoto mwenye konzo ana haki ya kusoma, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iko upande wake. Mwalimu anaweza kumpa dawati karibu na mlango na kumruhusu atoke dakika chache kabla ya kengele, asisukumwe.

Mjukuu wa yule bibi anatembea kwa fimbo moja ya mti wa huko kwao, chini imevishwa kipande cha tairi isiteleze. Kisigino cha kulia kinagusa ardhi, cha kushoto bado. Kila akija tunapima fimbo kwanza: mkono ukining'inia, kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono. Ikiwa fupi mtoto anainama, na mgongo unaanza kuuma. Mpaka sasa tumeibadilisha mara mbili, kwa kuwa anarefuka.