"Malaika" bado una mwenyewe

Msimu wa harusi ukikaribia, studio za Kisumu hazikosi mtu anayetaka kurekodi "Malaika" upya. Na hoja ni ile ile: "Wimbo wa zamani huo, miaka 50 imepita, nani atanidai?"

Hapo ndipo watu wanapopotelea. Wamesikia miaka 50 wakaishia hapo, hawakuuliza inahesabiwa kuanzia wapi. Kwa sheria ya Kenya, rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Utunzi, yaani maneno na mahadhi ya wimbo wenyewe, hulindwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Rekodi ya "Malaika" ya 1963 ilifika kikomo mwisho wa 2013. Lakini Fadhili William, anayetambulika zaidi kama mtunzi, alifariki 2001. Jumlisha: utunzi uko chini ya ulinzi hadi mwisho wa 2051. Wewe unayeingia studio kuimba upya hugusi rekodi ya zamani hata kidogo. Unagusa utunzi, ambao ndio ungali na wenyewe.

Usiniambie pia kwamba mtunzi anabishaniwa. Ni kweli, wapo wanaosema aliyeutunga ni Adam Salim wa Tanzania, miaka ya 1940. Ubishi wa nani mwenye shamba haukupi ruhusa ya kulima. Kama ni wake, hesabu itaanzia kifo chake yeye, basi.

Kabla ya kulipa shilingi, uliza KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni shirika gani lina leseni ya kukusanya mirabaha ya watunzi mwaka huo. Ruhusa iwe ya maandishi, na itaje kama utatoa sauti peke yake au na video. Wengi huomba ya sauti, kisha video inapigwa ufukweni Dunga na kupakiwa YouTube bila kibali.

"Nimeugeuza benga, sasa ni wangu." Hapana. Kugeuza mtindo, au kuutafsiri kwa Dholuo, ni haki ya mwenye wimbo. Wako ni gitaa ulilopiga.

"Nikitumia sekunde 30 tu siguswi." Sekunde hizo hazimo katika sheria yetu. Kuandika chini ya video kwamba haki si zako nako ni kukiri tu.

"Ni wa Miriam Makeba." Yeye aliusambaza duniani, Boney M. nao wakaurekodi 1981. Ukikata kipande cha rekodi hiyo ya Boney M., ambayo miaka yake 50 haijaisha, hapo unahitaji ruhusa mbili: ya utunzi na ya mwenye rekodi hiyo.

Na kwamba ni wimbo wa harusi? Anayeimba ni kijana anayeshindwa kuoa kwa kukosa mali. Bwana harusi akiingia nao ukumbini mbele ya wakwe waliotoka kuhesabu ng'ombe, shauri yake. Leseni ya kuupiga humo ukumbini kwa kawaida ni ya mwenye ukumbi, si ya bendi, kwa hiyo msikubali ikatwe kwenye malipo yenu.