Namba Imetoka Wapi: Taarifa za Uchafuzi wa Hewa kwa Wachimbaji wa Mafuta na Gesi

Katika msimu wa karafuu, mchumaji wa Pemba halipwi kwa idadi ya mikarafuu aliyoiparamia. Hulipwa kwa pishi. Mwenye shamba anaweza kukadiria mavuno yake kwa kuhesabu miti, na makadirio hayo humfaa anapotafuta vibarua na majamvi ya kuanikia, lakini jioni ikifika na makonyo yamekwisha kuchambuliwa, kinachokubalika baina yao ni pishi iliyojazwa mbele ya macho yao wote wawili. Kazi yangu ya kila siku ni kuandaa na kukagua taarifa za uchafuzi wa hewa unaotoka viwandani na kwenye mitambo ya gesi, na kwa miaka yote niliyoifanya nimeona kwamba swali kubwa katika taarifa hizo ni hilohilo la shambani: je, wamehesabu miti au wamejaza pishi?

Naandika haya kwa sababu Zanzibar imo katika safari ya kutafuta mafuta na gesi, na masharti ya kutoa taarifa huandikwa vizuri zaidi kabla ya mtambo kuwashwa.

Kwanza niseme kwa ufupi kinachotoka. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, nayo huponyoka kwenye viungo vya mabomba, vali, pakingi za kompresa na mifuniko ya matangi. Injini na majenereta hutoa oksaidi za naitrojeni, matangi ya mafuta hutoa mivuke inayochangia kutengeneza ozoni karibu na ardhi, na mahali ambapo gesi ina salfa, kuiunguza huzaa dioksidi ya salfa, ambayo ni adui wa mapafu. Mwenge wa kuchomea gesi ya ziada hutoa hewa ya ukaa, masizi, na methani ambayo haikuungua.

Mfano uliokomaa zaidi wa kuwadai wachimbaji taarifa hizi ni wa Marekani. Mamlaka ya Kulinda Mazingira ya nchi hiyo, EPA, ilipitisha mwaka 2010 masharti mahususi kwa sekta ya mafuta na gesi, yanayojulikana kwa wenye kazi kama Fungu W, na taarifa za kwanza zilikuwa za mwaka 2011. Mchimbaji anayetoa gesijoto, yaani gesi zinazolipasha joto anga, ambazo athari yake ni sawa na ya tani 25,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka au zaidi hupaswa kuwasilisha hesabu yake kwa kawaida ifikapo Machi 31 ya mwaka unaofuata. Katika masharti hayo mna kifungu kimoja ambacho nakithamini kuliko vyote: kwa uchimbaji wa nchi kavu, visima vyote vya mchimbaji mmoja vilivyomo katika bonde moja la kijiolojia huhesabiwa kuwa kituo kimoja. Lau kila kisima kingehesabiwa peke yake, karibu visima vyote vingekuwa chini ya kiwango hicho, na mwenye visima mia tano angeweza kusema, kwa haki ya kisheria, kwamba hana la kutaarifu.

Kiwango hicho cha tani 25,000 kinahitaji kufunguliwa, maana watu hudhani ni kikubwa mno. Katika hesabu hizi tani moja ya methani huchukuliwa kuwa sawa na tani 28 za hewa ya ukaa, kwa athari yake ya kulipasha joto anga katika miaka mia moja. Chukua basi uvujaji mmoja tu wa kilo 100 za methani kwa saa. Ukiachwa mwaka mzima utatoa tani 876, nazo ukizizidisha mara 28 utapata 24,528. Tundu moja, ambalo kwa macho halionekani kabisa, linakaribia peke yake kukifikia kiwango kilichowekwa kwa visima vyote vya kampuni katika bonde zima. Masahihisho ya masharti hayo ya mwaka 2024 nayo yaliitaja kilo 100 kwa saa kuwa kiasi ambacho tukio lake lazima litaarifiwe kwa namna ya pekee, lisipotelee ndani ya wastani.

Hapa ndipo linapokuja jambo la miti na pishi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya taarifa chini ya masharti hayo ilijazwa kwa vigezo vya wastani: unahesabu vifaa ulivyonavyo, unazidisha kwa kiasi ambacho kifaa cha aina hiyo hukadiriwa kuvujisha, unaandika jibu. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya vipimo halisi vya maeneo mengi ya uchimbaji ya Marekani, ukaonyesha kwamba sekta hiyo ilitoa takriban tani milioni 13 za methani katika mwaka 2015, kiasi cha asilimia 60 zaidi ya makadirio rasmi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilihusishwa na hitilafu chache kubwa, na kigezo cha wastani hakina jicho la kuona hitilafu.

Mwenge nao una hadithi kama hiyo. Ilikuwa kawaida kuandika kwamba mwenge huunguza asilimia 98 ya methani inayopelekwa kwake. Watafiti waliporuka kwa ndege juu ya mabonde matatu ya Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 2022, walikuta uwezo halisi ni kama asilimia 91, kwa sababu baadhi ya mienge huungua vibaya na mingine imezimika kabisa huku gesi ikiendelea kutoka. Asiyezoea hesabu hizi ataona asilimia saba kuwa kitu kidogo. Lakini kinachoingia hewani ni kile kilichobaki: badala ya sehemu mbili katika mia ni sehemu tisa, zaidi ya mara nne ya ilivyoandikwa.

Nililiona hili kwa karibu katika mtambo mmoja, nje ya visiwa vyetu, nilikoitwa kupitia taarifa za miaka mitatu. Mstari wa matangi ulikuwa na namba ileile mwaka baada ya mwaka, mpaka tarakimu mbili baada ya nukta. Nilipopanda ngazi ya tangi la pili sikuona kitu ila mfuniko uliopakwa rangi nyeupe, na nilinusa harufu hafifu ya mafuta. Fundi alinipa kamera maalumu ya kuonea gesi, na kwenye kioo chake wingu jeusi lilikuwa likichuruzika chini ya mfuniko, upande ambao mpira wake ulikuwa umepasuka nafasi ya kupitisha kidole, likainama na upepo na kwenda zake. Fundi akaniambia kwa utulivu, "Mhandisi, hilo lipo tangu nilipoanza kazi hapa." Nataka nieleweke vizuri: hakuna aliyeghushi. Idadi ya matangi haikubadilika, kigezo hakikubadilika, kwa hiyo namba haikuwa na njia ya kubadilika. Taarifa ilikuwa halali na tundu lilikuwa wazi, vyote kwa pamoja, na hilo lilinihuzunisha kuliko udanganyifu ambao angalau ungekuwa na mtu wa kumwajibisha.

Mpango wa kimataifa wa ubia ulio chini ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ulioimarishwa mwaka 2020, umelipatia jambo hili la kupima au kukadiria ngazi tano. Ngazi za chini hupokea makadirio ya jumla, na ngazi ya juu humtaka mchimbaji apime chanzo kimoja kimoja, kisha apime eneo zima kwa ndege au chombo kingine, halafu aeleze tofauti kati ya hesabu hizo mbili. Kwangu mimi kueleza tofauti ndiyo roho ya kazi yote.

Marekani kwenyewe upepo umegeuka: tozo ya methani iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2022 imesogezwa hadi 2034, na Septemba 2025 EPA ilipendekeza kuwaondolea wengi wajibu wa kutaarifu. Lakini Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake iliyoanza kutumika Agosti 2024, umeanza kuwadai waagizaji wa mafuta na gesi kutoka nje waonyeshe jinsi methani ilivyopimwa huko yanakochimbwa. Nchi inayotarajia kuuza gesi huko haitaulizwa kama inapenda kupima.

Kwetu Zanzibar msingi upo. Sheria ya Mazingira ni ya mwaka 2015, Sheria ya Mafuta na Gesi Asilia ni ya 2016, na mkataba wa kwanza wa mgawanyo wa uzalishaji chini yake ulitiwa saini Oktoba 2018. Visima vya majaribio vilichimbwa Unguja na Pemba tangu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wazee wa Tundauwa, kisiwani Pemba, wanajua kwamba mafuta hujitokeza yenyewe ardhini bila ya kuitwa. Ninachokitaka ni masharti ya kutaarifu yatakayotufaa sisi, wala yasinakiliwe yalivyo.

La kwanza ni upepo. Wastani wa mwaka mzima una maana ndogo mahali penye kaskazi na kusi. Mtambo utakaokuwa mashariki ya Pemba utapeleka moshi wake juu ya vijiji wakati wa kaskazi, na uliopo magharibi, katika mkondo wa bahari, utaupeleka upande wa bara. Miezi ya kusi mambo yatakuwa mengine. Kwa hiyo oksaidi za naitrojeni, salfa na masizi ziandikwe kwa msimu, na siku za mwenge kuwaka sana zitajwe kwa tarehe, ili daktari wa Wete au Micheweni anayeona vikohozi vimeongezeka awe na kitu cha kulinganisha.

La pili ni safu moja ya ziada katika fomu. Mwaka jana, katika mkutano na wavuvi, mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza, "Mwanangu, hizo namba wataandika wenyewe?" Nikamjibu kwamba ndiyo, kwa kawaida mchimbaji ndiye anayejaza taarifa yake. "Basi na waandike," akasema, "lakini waandike na walivyozipata." Rasimu ninayoifanyia kazi sasa ina safu hiyo mbele ya kila namba: imepimwa au imekadiriwa, kwa chombo gani, tarehe gani, na nani aliyekuwepo.