Moshi na Pipa: Namna ya Kuchagua Wiski ya Uskoti Inayokufaa

Mteja anayesimama mbele ya rafu ya wiski za Uskoti kwa kawaida huniuliza chupa ipi ni nzuri kuliko zote, nami humjibu kwa maswali mawili. La kwanza, je, anaivumilia harufu ya moshi ndani ya kinywaji? La pili, je, ladha inayomvutia ni ya vanila na asali, au ni ya zabibu kavu na viungo? Kazi yangu ni kuchagulia baa za hoteli vinywaji vikali, na nimeona kwamba majibu ya maswali hayo humfikisha mtu kwenye chupa inayomfaa upesi kuliko umri ulioandikwa kwenye lebo na kuliko jina la mkoa ilikotoka, na bei sitaki hata kuitaja katika ulinganisho huo.

Sababu imo ndani ya sheria yenyewe. Kanuni za Wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zinataka kinywaji hicho kitengenezwe kwa maji, nafaka na hamira, kikae huko huko Uskoti ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi ujazo wa lita 700 kwa muda usiopungua miaka 3, na kiingie kwenye chupa kikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Baada ya hapo kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji na rangi ya karameli peke yake. Hakuna asali inayotiwa humo, wala vanila, wala mdalasini. Yote unayoyanusa yametoka kwenye nafaka na namna ilivyokaushwa, kwenye uchachushaji na mtambo wa kukeneka, yaani wa kuchemsha kileo kigeuke mvuke kisha kipoe kuwa kimiminika, au kwenye pipa. Mtambo una mchango wake: mitambo ya kiwanda cha Glenmorangie ina shingo ndefu kuliko yote nchini humo, hivyo mvuke mzito hushindwa kufika juu, hurudi chini, na kinachopatikana ni kileo chepesi, ilhali mitambo mifupi ya kiwanda cha Macallan hutoa kileo kizito chenye mafuta zaidi. Lakini tofauti za namna hiyo huonekana kwa mtu aliyekwisha kuonja nyingi, wakati moshi na pipa hutambuliwa na mgeni siku ya kwanza.

Moshi hutoka kwenye ukaushaji wa shayiri. Punje hulowekwa hadi zianze kuota na kuwa kimea, kisha kuota huko hukatishwa kwa joto. Visiwani na katika nyanda zisizo na miti mingi, joto hilo lilitokana na kuchoma peati, yaani udongo mweusi wa mabwawa uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, ambao hukatwa mabonge na kuanikwa. Moshi wake huacha kwenye punje kemikali za jamii ya fenoli, na sehemu ya kemikali hizo hupita kwenye mtambo, hukaa piponi miaka yote, na huibuka kwenye glasi. Wauzaji hupenda kutaja kipimo cha fenoli kwa sehemu katika milioni. Kimea cha kiwanda cha Ardbeg, kwa mfano, hutajwa kuwa na takriban 55. Ninawashauri wasomaji wasikitegemee sana kipimo hicho, kwa kuwa huchukuliwa kwenye kimea na si kwenye wiski, na kila kiwanda hupoteza au kuhifadhi moshi kwa namna yake. Lagavulin na Caol Ila, viwanda viwili vya kisiwa cha Islay, hutumia kimea cha moshi kutoka mahali pamoja, Port Ellen, na bado wiski ya Lagavulin ni nzito na ya kukaa mdomoni, wakati ya Caol Ila ni nyepesi na yenye uchangamfu wa limau.

Pwani ya kusini ya Islay ndiko ziliko Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg, nazo ndizo zinazowagawa watu. Laphroaig inanukia aidini, bandeji na mwani uliotupwa ufukweni, na sijapata kuona mtu aliyeionja akabaki bila maoni. Sipendekezi mtu aanzie hapo. Njia ninayoiamini huanza na Johnnie Walker Black Label, ambayo inapatikana karibu katika kila baa yetu na ina moshi mdogo nyuma ya utamu wake. Ikiwa moshi huo unakupendeza, panda hadi Talisker ya miaka 10 kutoka kisiwa cha Skye, yenye pilipili manga na chumvichumvi ya bahari, au Highland Park ya miaka 12 kutoka visiwa vya Orkney, ambako peati ina mabaki ya vichaka vyenye maua na hivyo moshi wake una uturi kidogo. Kutoka hapo Lagavulin ya miaka 16 haitakushtua. Lakini ikiwa hata moshi wa Black Label unakukera, achana na jambo hilo bila aibu yoyote, kwa maana sehemu kubwa ya wiski nzuri za Uskoti haina moshi wa kutambulika.

Hapa ndipo jina la mkoa linapoweza kumpoteza mnunuzi. Sheria inatambua majina matano, ambayo ni Highland, Lowland, Speyside, Islay na Campbeltown, lakini hiyo ni mipaka ya ramani na haimwahidi mtu ladha fulani. Bunnahabhain ya miaka 12 inatengenezwa Islay na haina moshi. Ardmore iko Highland, bara kabisa, na ina moshi.

Pipa ni suala pana zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua. Sheria ya Marekani inataka wiski ya Bourbon ihifadhiwe kwenye vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika huko mara moja huwa halifai tena kwa kazi hiyo, na Waskoti huyanunua kwa wingi. Mapipa hayo, yenye ujazo wa takriban lita 200, huipa wiski vanila, asali na dalili za nazi, na huacha matunda ya kileo chenyewe yasikike. Glenlivet ya miaka 12 na Glenmorangie Original ni mifano inayoeleweka kwa urahisi. Upande wa pili yako mapipa ya sheri, mvinyo ulioongezwa nguvu kutoka Jerez nchini Hispania. Zamani mvinyo huo ulisafirishwa hadi Uingereza ndani ya mapipa, na mapipa matupu yakaishia kwenye viwanda vya wiski. Biashara hiyo ilikoma katika miaka ya 1980, na leo mengi hutayarishwa makusudi, yakijazwa sheri kwa muda ili tu yaende Uskoti. Hutoa zabibu kavu, tende, karafuu, mdalasini na chokoleti chungu. Glenfarclas na GlenDronach zinajulikana kwa mtindo huo. Asiyejua yuko upande gani namwonjesha Balvenie DoubleWood ya miaka 12, ambayo hukaa kwanza kwenye mapipa ya Bourbon kisha ikamalizia kwenye ya sheri, halafu namuuliza kipi alitamani kiongezeke.

Pipa hutumika mara kadhaa, na ni kama majani ya chai: mkupuo wa kwanza hutoa rangi na ladha kwa nguvu, wa tatu huhitaji muda mrefu na bado hutoa kidogo. Ndiyo maana umri peke yake hausemi mengi. Namba iliyo kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo, na kila mwaka takriban asilimia 2 ya kilichomo piponi hupotea hewani, hasara ambayo Waskoti huiita fungu la malaika. Mnunuzi wa chupa ya miaka 25 hulipia pia kilichotoweka. Moshi nao hufifia kadiri miaka inavyopita, kiasi kwamba anayetafuta nguvu ya Laphroaig ataipata kwenye ile ya miaka 10 kuliko kwenye ndugu zake wakubwa. Rangi nayo isikudanganye, kwa kuwa karameli inaruhusiwa, na kahawia iliyokolea si ushahidi wa umri wala wa sheri.

Kuhusu wiski za mchanganyiko, dharau inayoonyeshwa na baadhi ya wanywaji hainishawishi. Lebo inayosema "Single Malt" ina maana kwamba wiski yote ni ya kimea cha shayiri kutoka kiwanda kimoja. "Blended" ina maana kwamba wiski za kimea zimechanganywa na wiski nyepesi ya nafaka, ambayo hukenekwa kwa mtambo wa nguzo, yaani mrefu kama mnara na unaokeneka mfululizo, wa aina iliyoenezwa na mvumbuzi Aeneas Coffey katika miaka ya 1830. Sehemu kubwa zaidi ya wiski ya Uskoti inayouzwa duniani ni mchanganyiko, na kama nia yako ni kuinywa na soda au maji ya tangawizi, mchanganyiko ndio unaofaa. Kumwagia soda chupa ya Lagavulin ni haki ya aliyeilipia, ila mimi ningetazama pembeni.

Angalia pia asilimia ya kilevi. Chupa nyingi za asilimia 40 hupozwa na kuchujwa zisije zikapata ukungu zikitiwa barafu, na uchujaji huo huondoa baadhi ya mafuta yanayobeba ladha. Zenye 46 au zaidi mara nyingi hazifanyiwi hivyo, na wewe mwenyewe unaweza kuongeza matone ya maji. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Uswidi walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba kilevi kikipunguzwa, guayakoli, mojawapo ya kemikali zinazonukia moshi, huelekea kukaa karibu na uso wa kinywaji, yaani karibu na pua.

Kabla ya kununua chupa nzima, agiza toti moja baa, au tafuta kichupa cha mililita 50. Dukani, kagua stempu ya ushuru ya KRA au TRA na kizibo chenyewe, na jihadhari na bei iliyo chini mno ya ile ya maduka mengine, kwa sababu chapa maarufu hughushiwa. Nyumbani iweke wima, tofauti na mvinyo, kwa kuwa kilevi kikali hula kizibo, na iwe mbali na jua. Ndani ya chupa wiski haikomai tena, ila hewa huibadilisha mara inapofunguliwa. Ikibaki robo, imalize ndani ya miezi michache au ihamishie kwenye chupa ndogo safi inayojaa hadi shingoni.