Nyuki shambani: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Kuna maneno nayasikia huku kwetu Mkuranga kila msimu wa matikiti, na mengine nilikuwa nayaamini kabisa mpaka shamba liliponifundisha, kwa hiyo naomba niyaandike maana tunapoteza hela nyingi kwa kutojua.

Baya kuliko yote ni hili, eti nyuki wananyonya ua mpaka linapukutika, ukiwaona shambani wafukuze. Jamani hapana. Nyuki anachukua mbochi, yale maji matamu ya ua, na chavua, ule unga unga wa ua la kiume, ua haliumii. Kwenye tikiti asipokuja ndo linapukutika. Amka asubuhi uchuchumae shambani uangalie, utaona maua ya aina mbili kwenye mmea mmoja, la kiume lina kikonyo chembamba tu, la kike limekaa juu ya katikiti kadogo kama punje ya karanga, kana vinyweleo kabisa. Hako hakajawa tunda bado, kanasubiri chavua kutoka kwenye ua la kiume, na chavua ya tikiti inanata, upepo hauibebi, lazima abebe mdudu. Alafu ua lenyewe linafunguka asubuhi, mchana limeshafunga na halifunguki tena, yani una masaa machache tu, na nyuki kupita mara moja haitoshi, wanatakiwa wapite mara nyingi chavua ienee vizuri. Ikifika kidogo ndo unapata lile tikiti lililopinda, upande mmoja limenenepa upande mwingine limesinyaa, dalali analiweka pembeni, na wewe unalaumu mbegu au mbolea.

Alizeti je? Wengi wanasema inajitegemea. Ni kweli kuna mbegu za kisasa zinajichavusha kwa kiasi, ila kile kichwa sio ua moja, ni vijiua mamia kwa mamia vinavyofunguka kuanzia pembeni kwenda katikati kwa siku kadhaa, na kila punje ilikuwa kijiua kilichopata chavua. Vilivyokosa ndo yale mapepe. Wenzetu wa Singida na Dodoma wanaokamua mafuta watakuwa wananielewa.

Kuna na ile inayozunguka mitandaoni kwamba Einstein alisema nyuki wakiisha binadamu kabakiza miaka minne. Hakuna popote ilipopatikana kasema hivyo, na wala sio kweli. Mahindi, mpunga, mtama na ngano havimtegemei nyuki, vingine vinachavushwa na upepo vingine vinajichavusha, muhogo tunapanda vijiti, ndizi hazihitaji chavua kabisa. Ugali ungekuwepo. Ila boga, tango, tikiti, embe, parachichi na mafuta ya alizeti ungevitafuta kwa tochi. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanasema karibu robo tatu ya aina za mazao ya chakula duniani zinategemea wachavushaji angalau kwa kiasi, na kwa wingi wa mavuno ni kama 35%. Tena sio nyuki wa asali peke yake, kakao ya Kyela inachavushwa na vijidudu vidogo mno kama usubi, na pasheni inamtaka yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa.

Sasa dawa. "Mi napiga ya wadudu waharibifu, nyuki hawahusiki." Dawa ya kuua wadudu haiulizi huyu nani. Msimu wa juzi jirani yangu alipiga saa tatu asubuhi, maua yote yako wazi. Mchana nikaenda kwenye mizinga yangu miwili nikakuta nyuki wametapakaa chini, wengine wamekufa, wengine wanajizungusha palepale ulimi umetoka nje. Niliumia sana. Wiki ile vitikiti vikaanza kugeuka njano na kudondoka, vyake na vyangu. Hakufanya kwa ubaya, hakujua tu. Piga jioni, saa kumi na moja kuendelea, maua ya tikiti yameshafunga na nyuki wanarudi kwao, dawa inapata usiku mzima wa kukauka. Mwenye mizinga mwambie siku moja kabla. Na dawa za unga ziogope zaidi, zinaganda kwenye manyoya ya nyuki kama chavua, anazibeba mpaka ndani ya mzinga kwa watoto.

Kuhusu ukali, nyuki wetu ni wakali kweli ukisogelea mzinga, ila aliye kwenye ua yuko kazini, usipomkamata hana shida na wewe. Akikuchoma ondoka fasta, maana pale alipochoma panatoka harufu kama ya ndizi mbivu inayoita wenzake. Na mkiona kundi limening'inia kwenye mti msikimbilie petroli, hilo liko safarini linatafuta pa kukaa, kwa kawaida limetulia kwa sababu halina masega wala watoto wa kulinda. Sogezeni watoto na mifugo mbali, muite mrina asali. Mwaka huu moja lilitua kwenye mkorosho nyuma ya nyumba, mama mkwe akataka tulichome, tukamsihi asubiri. Giza lilipoanza kuingia fundi akaja na mzinga mtupu aliopaka nta ndani, akalikung'utia humo taratibu. Sasa hivi liko ukingoni mwa shamba, upande wa matango.