Mang'ola kuna makabila mangapi?

Ukitaja Mang'ola, mtu wa Arusha hukumbuka vitunguu. Ni kweli, ukishuka kutoka Karatu kuelekea Ziwa Eyasi, joto linapoanza kukubana na mikoche inapojitokeza, utakutana na majaruba ya vitunguu yanayonyweshwa na chemchemi ya Qangded. Mimi kilichonipeleka huko ni lugha. Kazi yangu ni isimujamii: nasikiliza nani anazungumza nini, na nani, na kwa sababu gani.

Nikirudi mjini naulizwa swali lile lile: kule kuna makabila gani, na kila moja ni asilimia ngapi? Jina la kabila naweza kulitaja. Asilimia sina, na takwimu za serikali haziwezi kukupa pia. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila lao. Zilizofuata, kuanzia 1978 hadi 2022, hazikuuliza. Wakoloni walikuwa wamezidi: Waafrika walihesabiwa peke yao, na Wazungu, Waasia na Waarabu peke yao, kana kwamba hawaishi nchi moja. Naelewa kwa nini taifa changa liliamua kulifunga daftari hilo.

Basi nianze na lugha. Wahadzabe, wawindaji na warina asali, ambao kwa jumla hawazidi watu elfu moja na mia chache, wanazungumza lugha yenye vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi. Zamani iliwekwa kundi moja na lugha za Khoisan za kusini mwa Afrika kwa sababu ya vidoko hivyo. Leo wanaisimu wengi wanaiona imesimama peke yake, haina ndugu anayejulikana. Wadatoga ni wafugaji, na lugha yao ni ya Kiniloti, jamaa ya Kikalenjini cha Kenya. Wairaqw ni wakulima na wafugaji waliotandaa kutoka nyanda za juu za Mbulu, na lugha yao ni ya Kikushi. Wanyisanzu ni Wabantu, jirani na ndugu wa Wanyiramba. Kijijini unaweza kusimama kwenye mnada mmoja ukasikia familia nne za lugha ambazo hazifanani hata kidogo, kisha wote wakageukia Kiswahili kupatana bei. Ongeza Wasukuma, Wachaga, Wanyaturu na wengine waliofuata vitunguu. Sijui mahali pengi duniani palipo hivi, na kila nikifika moyo wangu unafurahi upya.

Ila majina yenyewe yana matatizo. "Mang'ati", jina ambalo Watanzania wengi huwaitia Wadatoga, linatokana na neno la Kimaasai la adui. Wamaasai ndio waliowasukuma Wadatoga kutoka Ngorongoro katika karne ya 19, na makaburi ya wazee wa Kidatoga bado yamo ndani ya kreta. "Watindiga", jina la zamani la Wahadzabe, nalo walipewa na majirani. Kwa hiyo hata kabla hujaanza kuhesabu, umeshachagua kusikiliza upande mmoja. Mimi nimeacha kuyatumia majina hayo mawili, na ninawaomba wanaoandika habari za huko wafanye hivyo pia.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye hojaji yangu ya kwanza. Niliandika safu moja tu: "Kabila". Mama mmoja aliyekuwa akichambua vitunguu alinitazama akasema, "Mwanangu, unauliza mimi ni nani, au unauliza nimezaliwa na nani?" Mama yake alikuwa Mhadzabe, baba yake Mnyisanzu, mumewe ni Mwiraqw. Kwa mazoea ya ofisini mtoto huandikwa kabila la baba, basi yeye ni Mnyisanzu. Lakini Wanyisanzu wenyewe hufuata ukoo wa mama, na mama yake hakuwa na ukoo wa Kinyisanzu, basi kwao hana pa kusimama. Alilelewa kwa bibi yake mzaa mama, porini, akila mizizi na asali, na Kihadzabe ndicho alichobembelezewa. Watoto wake, kwa kuwa Wairaqw hufuata baba, ni Wairaqw bila ubishi. Nilikaa na kalamu mkononi, nikaona kwamba safu yangu haina mahali pa kumweka mtu aliye mbele yangu.

Na hali yake si ya ajabu pale. Wahadzabe na Wanyisanzu wameoana muda mrefu, na mara nyingi mwanamke wa Kihadzabe akiachana na mumewe hurudi kwao na watoto, nao wanakua Wahadzabe. Koo kadhaa za Kiiraqw husimulia asili ya Kidatoga au ya Kibantu. Mipaka migumu nayo ipo: wahunzi wa Kidatoga ni ukoo wa peke yao, hawaoani na Wadatoga wengine, ingawa wanazungumza lugha moja. Hao ndio hufua misumari kuwa vigumba vya mishale, na Wahadzabe huvipata kwa asali. Yaani mhunzi anaweza kuwa karibu na mwindaji kwa biashara kuliko alivyo karibu na mfugaji wa kabila lake kwa ndoa.

Lugha nazo zimechanganyika hivyo hivyo. Sikiliza jinsi Wahadzabe wanavyohesabu. Moja na mbili ni maneno yao wenyewe. Tatu, "samaka", ni ya Kidatoga. Nne, tano na kumi, "bone", "botano" na "ikhumi", zimetoka kwa Wabantu. Watafiti wanazihusisha na Kisukuma. Wakizidi hapo hutumia Kiswahili.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema tuache kabisa kutaja makabila. Kenya, Wamakonde wa Kwale walitembea kuelekea Nairobi mwaka 2016 wakidai vitambulisho, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Ng'ambo ya Mang'ola, bonde la Yaeda, Wahadzabe walipata hati za kimila za ardhi mwaka 2011, zaidi ya hekta 20,000. Ardhi ile ililindwa kwa sababu kuna watu walioweza kusema: sisi ni Wahadzabe, na pori hili ndilo ghala letu.

Hojaji yangu ya sasa ina maswali manne badala ya safu ile. Ulibembelezwa kwa lugha gani? Mamako alizikwa wapi? Ukipata tatizo usiku, unamwita nani, na kwa lugha gani? La nne nililiongeza baada ya yule mama: watu wa hapa wanakuitaje, na wewe ungependa wakuiteje? Kwa swali hilo la mwisho yeye alijibu, "Mama wa vitunguu," kisha akafikiri kidogo, akasema, "Andika Mhadzabe."